Mtakatifu Wite ni Nani?

SWALI: Mhariri, mwezi ujao wenyeji wangu nchini Uingereza watanipeleka Whitchurch Canonicorum, kijiji cha jimbo la Dorset, kwenye kanisa ambalo somo wake ni Mtakatifu Wite. Mimi ni Mkatoliki, na jina hilo sijapata kulisikia. Je, ni mtakatifu wa kweli, na nikifika penye kaburi lake nifanye nini?

JIBU: Si ajabu kwamba hukulisikia. Mtu wa kwanza anayejulikana kwa hakika kutangazwa mtakatifu na Papa ni Ulrich wa Augsburg, mwaka 993; kabla ya hapo waumini wa mahali walimheshimu marehemu wao, askofu akaridhia, na mara nyingi sifa zake hazikuvuka hata mto wa jirani.

Kwa Wite kuna utata zaidi. Jina lake linatokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya “mweupe”, ndiyo sababu kwa Kilatini anaitwa Candida, na Whitchurch nayo maana yake ni “kanisa jeupe”. Basi wapo wanaoshuku kwamba si mtakatifu aliyekipa kijiji jina, bali jina la kijiji ndilo lililomzaa mtakatifu. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa mwanamke Msaksoni, yaani wa jamii ya kale ya Uingereza, aliyeuawa na wavamizi kutoka Denmark. Ni kisa kizuri, ila mimi sitakiapia.

Hata hivyo, jina tupu halina mifupa. Katika majira ya baridi ya 1899 hadi 1900 kaburi lilipata ufa, na lilipofunguliwa likakutwa sanduku la madini ya risasi lenye maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba humo yamelazwa masalia ya Mtakatifu Wite, na ndani yake mifupa ya mwanamke mwenye umbo dogo. Ugunduzi huo hauthibitishi kisa cha wavamizi. Unathibitisha tu kwamba walioliziba sanduku hilo waliamini wanamhifadhi nani. Hilo kwangu si dogo, kwa kuwa Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 yaliyavunja makaburi ya watakatifu karibu yote nchini humo, na hili hutajwa pamoja na lile la Mfalme Edward Muungama, katika Westminster Abbey, kuwa yaliyosalimika na masalia yake.

Chini ya kaburi utaona matundu matatu ya umbo la yai. Zamani wagonjwa waliingiza humo mkono au mguu unaouma, na aliyeshindwa kusafiri aliletewa kitambaa kilichowekwa humo. Siku hizi watu huacha vikaratasi vya maombi. Nawe waweza kuacha chako, maadamu unakumbuka kwamba masalia huheshimiwa, hayaabudiwi. Kanisa hilo ni la Anglikana na bado lina ibada zake, kwa hiyo usizunguke ovyo wakati waumini wanasali. Na ukifika Jumapili, tambua kwamba kuhudhuria ibada yao hakukuondolei wajibu wa Misa.

Ukipata nafasi, waombe wenyeji wako wakupitishe pia Morcombelake, kijiji jirani chenye kisima cha Wite, ambacho tangu zamani maji yake husifiwa kwa kuponya macho.