Mrija Mmoja Umeonekana Kuziba: Majibu ya Kipimo cha HSG Yasomwe Vipi?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 31 na nimeishi na mume wangu miaka mitatu bila kushika mimba. Kabla ya ndoa mimba iliwahi kuharibika nikasafishwa hospitali. Hivi karibuni nimefanyiwa kipimo cha mirija, kile cha HSG, na niliumia sana. Majibu yanasema mrija wa kulia umeziba mwanzoni, pale unapoungana na kizazi, na wa kushoto uko wazi. Je, nitapata mtoto? Nimeshauriwa ninunue dawa za asili za kuzibua mirija. Mume wangu bado hajapimwa.

JIBU: Dada, pole kwa maumivu uliyoyapata, na nakushukuru kwa kutaja sehemu ambayo mrija umeonekana kuziba, maana kuziba mwanzoni na kuziba mwishoni ni matatizo mawili tofauti.

Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, lakini sehemu yake ya kwanza, inayopita ndani ya ukuta wa kizazi, ina njia nyembamba ya takriban milimita moja, nayo imezungukwa na misuli. Wakati wa kipimo, daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye shingo ya kizazi na kusukuma dawa inayoonekana kwa eksirei. Kwenye skrini hutokea kwanza pembetatu ya kizazi, kisha nyuzi mbili nyembamba zikichomoza kwenye pembe zake, na mwisho dawa humwagika na kutawanyika kama moshi ndani ya tumbo. Dawa ikisukumwa kwa kasi, au mwanamke akiumia hadi akakaza mwili, misuli ile ya mwanzoni hujibana na dawa ikakwama, ingawa mrija wenyewe ni mzima. Ute mzito nao huweza kuizuia. Kwa hiyo HSG inapoonyesha kwamba mrija uko wazi, kwa kawaida tunaamini. Inaposema umeziba mwanzoni, na mgonjwa anasema aliumia sana kama wewe, mimi huyachukua majibu hayo kuwa jambo la kuhakikishwa, wala si hukumu.

Hali ingekuwa nzito zaidi kama mrija ungeziba mwishoni, upande wa ovari, ukavimba na kujaa maji. Maji hayo hurudi kwenye kizazi na kuzuia kiinitete kujishikiza, kiasi kwamba hata mwanamke anayepandikiziwa mimba kwa njia ya IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kiinitete kuwekwa kwenye kizazi, nafasi yake hupungua kwa karibu nusu, na ndiyo sababu tunashauri mrija wa namna hiyo uondolewe au ufungwe kabla ya kupandikiza. Katika majibu uliyonitajia hakuna jambo hilo. Ukiwa na mrija mmoja ulio wazi na ovari zinazopevusha mayai, unaweza kushika mimba kwa njia ya kawaida. Tena mrija wa kushoto huweza wakati mwingine kudaka hata yai lililotoka kwenye ovari ya kulia.

Mirija huharibiwa zaidi na maambukizi: klamidia, ambayo wanawake wengi huwa nayo bila dalili yoyote, kisonono, maambukizi yanayofuata kujifungua au mimba kuharibika, kidole tumbo kilichopasuka, na kifua kikuu cha via vya uzazi. Kusafishwa kwako kunawezekana kuwa kulichangia, na kunawezekana kusihusike kabisa. Kipimo hakiwezi kutuambia, na usikubali mtu yeyote akubebeshe lawama kwa hilo.

Kuhusu dawa za kuzibua mirija, nakuomba usinunue. Kinachoziba mrija kikweli ni kovu, na kovu haliyeyuki kwa kitu cha kunywa, hata viua vijasumu vyetu vya hospitali huua vijidudu tu na kuliacha kovu mahali pake. Za kuweka ukeni ni mbaya zaidi, kwa sababu huweza kuleta maambukizi mapya yakauharibu mrija wako ulio mzima.

Hatua ya kwanza ni mumeo apime mbegu, akiwa amekaa siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa. Wanaume huchangia karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto, na kipimo chao ni chepesi na hakina maumivu. Kwa kweli kilipaswa kutangulia HSG. Wewe nawe uhakikishiwe kwamba mayai yanapevuka. Yote yakiwa sawa, endeleeni kujaribu miezi michache, kwa kuwa kipimo chenyewe huweza kusaidia: katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, wenye wanawake 1,119, waliopimwa kwa dawa ya mafuta asilimia 39.7 walishika mimba iliyoendelea ndani ya miezi sita, dhidi ya asilimia 29.1 ya waliopimwa kwa dawa ya maji. Hao hawakuwa na dalili za mirija kuharibika, hivyo usizichukue asilimia hizo kuwa ahadi kwako.

Mimba isipoingia, kipimo kirudiwe taratibu, au ufanyiwe upasuaji wa matundu madogo ambapo rangi ya bluu hupitishwa na mirija kutazamwa moja kwa moja. Ukirudia HSG, iwe baada ya hedhi kukauka na kabla ya yai kutoka, unywe dawa ya maumivu kama ibuprofeni saa moja kabla, na umwambie daktari kama una aleji ya ayodini. Baada ya kipimo, homa, maumivu yanayozidi au uchafu wenye harufu ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja HSG haionyeshi ni afya ya utando wa ndani unaosukuma yai. Mrija unaweza kupitisha dawa na bado ukaikwamisha mimba. Kwa hiyo siku hedhi ikichelewa na kipimo cha mkojo kikaonyesha ujauzito, nenda ukapigwe picha ya ultrasaundi mimba ikiwa na wiki sita, ili tuhakikishe kwamba imetunga ndani ya kizazi, na ukipata maumivu makali ya upande mmoja au kizunguzungu kabla ya hapo, usisubiri wiki hizo zitimie.