Maswali yenu kuhusu filamu za mapigano za Hollywood

Kwa nini steringi hafi, hata risasi zikimiminika kama mvua?

Hafi kwa sababu watazamaji tumekataa afe. Filamu ya kwanza ya Rambo, ya mwaka 1982, ilipigwa na mwisho ambao Rambo anakufa. Ulipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio haukupendwa, ukawekwa mwingine anaotoka hai. Wala si Hollywood peke yake. Fumo Liyongo wa pwani yetu hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba, tena ya kitovuni! Aliyekulia kwenye simulizi hizo hashangai Arnold Schwarzenegger akivamia kisiwa kizima peke yake kumkomboa bintiye katika Commando (1985).

Mume wangu anadai zote ni kompyuta tu. Kweli?

Mwambie si zote. Kwa Furious 7 (2015), magari yalidondoshwa kweli kutoka kwenye ndege, wapiga picha wakaruka nayo. Waigizaji ndio waliorekodiwa studio. Tom Cruise naye alining'inia mwenyewe nje ya Burj Khalifa, Dubai, kwa Mission: Impossible ya 2011. Kazi ya kompyuta pale ilikuwa kufuta nyaya zilizomshikilia.

Gari likipigwa risasi hulipuka?

Hapana. Risasi ya kawaida hutoboa tangi, petroli ikavuja. Ule moto hutegwa na mafundi.

Mbona mapigano ya siku hizi yananichosha?

Kwa sababu huoni kitu. Kamera inatikisika, picha inakatwa kabla ngumi haijafika, na mwigizaji asiyejua kupigana anafichika humo. Tazama John Wick (2014). Mmoja wa waongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyemwakilisha Keanu Reeves kwenye matukio ya hatari ya The Matrix (1999), kwa hiyo anajua mwili wa Reeves unaweza nini. Kamera inakaa mbali, inatulia. Unamwona Reeves akiishiwa risasi, akijaza upya, akichoka. Kisa kimetiwa chumvi kupita kiasi, lakini jasho ni la kweli, na mimi hapo ndipo ninaponasa.

Hao wanaoanguka badala ya mastaa wana tuzo?

Kwenye Oscar hawakuwa nayo miaka yote hiyo, na inauma. Mwaka 2025 waandaaji walitangaza tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari, itakayoanza na filamu za 2027. Imechelewa mno, lakini nitakesha kuitazama ikitolewa.