Jibu: Kwa nini mteja wa nje ya mipaka ya manispaa hulipa zaidi?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini unalipia maji na majitaka zaidi kuliko jirani wa ng'ambo ya barabara, ilhali bomba ni lile lile.

Anza na bili yenyewe: tazama umewekwa kundi gani la wateja, kisha ulinganishe na ramani rasmi ya mipaka, kwa sababu anwani ya posta hutaja jina la mji hata kwa nyumba iliyo nje yake. Kama kweli uko nje, nyongeza mara nyingi ni halali. Kinachobishaniwa ni kiasi. Huko Florida, Marekani, kifungu cha 180.191 cha sheria za jimbo hilo kinaruhusu nyongeza ya asilimia 25 juu ya bei ya wakazi wa ndani, na njia ya pili ya kupanga bei, inayotaka kikao cha wazi kwanza, haiwezi kupita asilimia 50 juu ya bei hiyo. Omba kwa maandishi jedwali la bei lililopitishwa, wala usitosheke na maelezo ya simu.

Kuhusu majitaka, ada hiyo kwa kawaida hukokotolewa kutokana na mita ya maji, hivyo maji unayomwagilia bustani huhesabiwa kana kwamba yameingia kwenye mfereji wa majitaka. Kwangu, mita ya pili, ya umwagiliaji pekee, ambayo maji yake hayatozwi ada ya majitaka, ilipunguza bili zaidi kuliko barua zote nilizoandika.