Maswali ya Wasomaji: Waliumwa Baada ya Kutoka

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba vibarua waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn, New York, waliumwa baada ya kutoka chini, si wakiwa kazini. Je, hewa ile ilikuwa na sumu?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Walifanya kazi ndani ya kaisoni, sanduku kubwa lisilo na sakafu lililozamishwa mtoni na kujazwa hewa ya kushindiliwa ili maji yasiingie. Kila mita 10 za kina huongeza takriban angahewa 1 ya shinikizo (yaani sawa na la hewa ya kawaida usawa wa bahari), na upande wa Manhattan walifika karibu mita 24. Shinikizo likipanda hivyo, nitrojeni, gesi iliyo nyingi zaidi hewani, huyeyuka kwa wingi katika damu na mafuta ya mwili. Mtu akitoka polepole, mapafu huiondoa. Akitoka haraka, nitrojeni hiyo hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu yakikaa kwenye viungo huuma mno. Yakiingia uti wa mgongo, miguu hupooza. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872, akasimamia kazi iliyobaki akiwa nyumbani, mkewe Emily akipeleka maagizo.

Hata wazamiaji wa leo hupatwa na ugonjwa huu, mara nyingi ndani ya saa 24. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni ya asilimia 100, kisha afikishwe kwenye chemba ya shinikizo (chumba maalumu cha kumrudisha kwenye shinikizo kubwa, kisha kulipunguza polepole) hata kama maumivu yamepungua. Tafadhali, msimrudishe majini “ili apoe”, wala msimpandishe ndege ya kawaida: hewa nyepesi ya juu hukuza mapovu.