Filamu ya kuanzia kwa anayetafuta kina

Ndugu, umeuliza uanze na filamu gani, kwa kuwa zile zinazosifiwa kuwa na kina zimekuchosha kabla ya kufika katikati. Ninakushauri uanze na Ikiru, iliyoongozwa na Akira Kurosawa nchini Japani mwaka 1952, ambayo naipenda kuliko zote nilizowahi kutazama. Mhusika mkuu, mzee Watanabe, ni mkuu wa kitengo katika ofisi za jiji ambaye anagundua kuwa ana saratani ya tumbo, naye anatumia muda uliobaki kuhakikisha kwamba akina mama wa mtaa mmoja wanajengewa uwanja wa kuchezea watoto mahali palipotuama maji machafu. Anafariki filamu ikiwa bado ndefu, kisha tunaketi matangani tukiwasikiliza wafanyakazi wenzake wakibishana ni nani anayestahili sifa. Kwangu mimi kina kinatoka hapo, kwa sababu mwongozaji anatuachia sisi kazi ya kuyapima maisha ya mtu kwa ushahidi wa watu wasiotaka kuukiri ukweli. Itazame kwa mkao mmoja, simu ikiwa imezimwa. Ikikugusa, endelea na Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, ambayo inahitaji subira zaidi.