Anayeketi Pembeni ya Mfungwa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: katika hadithi ya kisayansi, nchi iliyo vitani ikimkamata mwanasayansi wa adui na ikauhitaji ujuzi wake, je, ishirikiane naye? Na mwandishi afanye nini ili msomaji auamini ushirikiano huo?

Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Dodoma, na hadithi za namna hii nazisoma tangu nikiwa mwanafunzi. Swali la kwanza nalijibu kwa neno moja: ndiyo. La pili ndilo lililonikalisha kuandika. Waandishi wengi humaliza kurasa wakiuchungulia moyo wa mfungwa, kama ametubu au anajifanya, wakamsahau yule aliyewekwa pembeni yake kuangalia mikono yake inafanya nini. Kwangu, huyo ndiye mwenye hadithi.

Tazameni yaliyotokea kweli. Mei 1945 Wernher von Braun, aliyeongoza uundaji wa kombora la V-2 la Ujerumani, alijisalimisha kwa Wamarekani. Makombora hayo yalikuwa yakiundwa chini ya ardhi na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia huko, na karibu theluthi yao walikufa. Waliokufa katika kazi ile ni wengi kuliko waliouawa na makombora yenyewe. Miaka 10 baadaye von Braun alikuwa raia wa Marekani, na roketi ya Saturn V, iliyowafikisha watu mwezini mwaka 1969, iliundwa chini ya uongozi wake.

Wasovieti walishika njia nyingine. Oktoba 1946 waliwabeba wataalamu wa Kijerumani kwa maelfu, wao na familia zao. Kundi la roketi la Helmut Gröttrup likawekwa kwenye kisiwa cha Gorodomlya, huko Urusi. Walipewa maswali, wakapiga hesabu, wakachora, majibu yakachukuliwa. Warusi wenyewe walikuwa wanaunda nini, hawakuonyeshwa. Miaka michache baadaye wakarudishwa kwao. Na upande wa wenye nyumba alikuwapo Sergei Korolev, mhandisi wao mkuu wa roketi, ambaye serikali yake mwenyewe ilimkamata mwaka 1938 na baadaye ikamfanyisha kazi ya uhandisi akiwa mfungwa. Sidhani kama kuna aliyehitaji kumweleza Korolev kwamba mtu aweza kuunda kitu kizuri huku akimchukia anayemfungulia mlango.

Kwa hadithi, njia ya Gorodomlya ina mengi zaidi. Mfungwa anajibu swali bila kujua jibu lake linakwenda kujaza pengo gani, na anayeuliza lazima awe na elimu ya kutosha kujua kama amedanganywa. Uwezo huo wa kuhakiki haupatikani kwa kuangaliana machoni. Nyuma ya muulizaji kuna fundi kijana aliyekesha akiurudia mlinganyo huohuo mara tatu.

Waingereza waliongeza jambo la tatu, kusikiliza. Kuanzia Julai 1945 waliwaweka wanasayansi 10 wa Kijerumani, wakiwamo Otto Hahn na Werner Heisenberg, katika nyumba ya Farm Hall iliyofichwa vinasa sauti ukutani. Habari ya bomu la Hiroshima ilipowafikia jioni ya Agosti 6, maneno yao wakiwa peke yao yalionyesha wazi, katika utafiti wao wa nyuklia, walikuwa wamefika wapi na wamekwama wapi.

Nimekaa sana kwenye kusikiliza kwa sababu, kama ningeandika hadithi hii mimi, ningeianzia shambani kwetu, na huko pia kuna anayesikiliza. Wakulima wa mtama na uwele wanakijua kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Kina maua madogo mekundu, mtoto akiyaona huyapenda. Mama yangu aliyang'oa kwa hasira ambayo sikuielewa mpaka nilipokwenda chuo. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka zaidi ya 10 zikingoja. Zinangoja sauti, niseme hivyo. Mtama ulio kwenye udongo uliopungukiwa fosforasi hutoa kemikali mizizini, strigolaktoni, kuwaita fangasi wema wanaousaidia kupata chakula. Mwito ule kiduha nacho kinausikia. Kinaota, kinajishika kwenye mzizi, kinanyonya. Mtama unaita rafiki, anatangulia adui.

Sasa wekeni vita, miaka mingi ijayo. Adui ametengeneza kiduha kipya kinachosikia mwito wa kila nafaka, hata ngano, na Ugogo yote imegeuka nyekundu. Aliyekitengeneza amekamatwa. Yumo gerezani, ana umri wa baba, na anasema anayo dawa.

Dawa yenyewe haipingani na sayansi tuliyonayo. Kiduha kikidanganywa kuota wakati hakuna mzizi karibu, kinakufa kwa njaa ndani ya siku chache. Marekani walikigundua kiduha mashambani kwao Carolina mwaka 1956, na mojawapo ya silaha zao ilikuwa kuingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziamke bure. Kwa hiyo mfungwa anapendekeza kimiminika cha kunyunyiza kabla ya kupanda. Maabara inaweza kuonyesha katika wiki mbili tu kwamba mbegu zinaota na kufa. Lakini je, ndani ya kimiminika hicho kuna kitu kingine, kinachongoja mtama wenyewe uchanue? Hilo halijulikani mpaka msimu upite, na mtama haukomai kwa amri ya jenerali. Itachukua miezi mitatu, minne. Maghala yana chakula cha miwili.

Hapo ndipo uamuzi unapouma. Wakingoja uthibitisho, watu watakufa. Wakinyunyiza kote, huenda wamemkabidhi adui shamba la mwisho. Mwandishi akituonyesha machozi ya mfungwa kutuhakikishia kwamba ni mkweli, amekimbia swali lake mwenyewe.

Na nisingekubali hadithi hiyo iwasahau wenye njaa. Bibi yake mama alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita hapa, yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua nayo ikakataa. Nyumbani hatukusimuliwa nani alishinda vita ile. Tulisimuliwa nani alizikwa wapi. Ndiyo maana habari ya von Braun inanikera: walioamua kumpokea hawakuwa wale waliotoka Dora. Katika hadithi yangu, mkataba na mfungwa usingesainiwa na wanajeshi peke yao. Wangeitwa watu wa Bahi, wa Chamwino na wa Kongwa waliopoteza watoto, waambiwe: dawa inatoka kwa huyu, mwaitaka? Nadhani wangeitaka. Lakini wangekuwa wameulizwa, na wangekuwa na haki ya kusema kwamba vita ikiisha atasimama mahakamani, hata kama dawa imefanya kazi.

Anayeketi pembeni yake ningemfanya binti wa huku, fundi wa maabara aliyezoea kazi ya mtama kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Hombolo. Kila asubuhi analetwa gerezani na trei zake. Na kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, ana mtihani mdogo ambao wasomaji wetu watauelewa bila maelezo: mbele yake ameketi mtu wa umri wa baba yake, amwamkie? Kinywa kilicholelewa vizuri kinataka kutamka shikamoo chenyewe. Yeye anasema tu, "Habari za asubuhi," anavaa glavu. Mfungwa, aliyekwisha kujifunza lugha kwa kuwasikiliza askari, anajua alichonyimwa.

Katikati ya hadithi ningewapa ugomvi mmoja wa kweli wa kitaaluma, juu ya hesabu ya kipimo cha dawa, na binti awe ndiye aliyepatia. Kuanzia siku hiyo mfungwa anaacha kumfundisha kama mtoto, anamjibu kama mwenzake. Jambo hilo linamtisha binti kuliko vitisho vyote, kwa sababu amelifurahia.

Wangeamua kunyunyiza mashamba machache tu, na mengine kuyaacha. Ningeimalizia asubuhi ya mwanzo wa Desemba, baada ya mvua ya kwanza. Binti anaingia na matope mekundu viatuni. Hajamwamkia shikamoo, na siku hiyo pia hamwamkii. Anaweka trei mezani, anawasha taa, na wote wawili wanainama kuangalia kilichoota.