Mwanangu wa miaka 27 ini limesinyaa: tuuze shamba?

SWALI: Daktari, tunaishi Sengerema. Kijana wangu ana miaka 27. Hospitali ya wilaya wamesema ini limesinyaa, maji tumboni ameshatolewa mara mbili, macho ni manjano. Ndugu wanataka tuuze shamba akapandikizwe ini India. Mwenyewe hataki tena kusikia habari za hospitali.

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Shamba lisiuzwe kwanza. Kabla ya kufikiria kupandikiza ini, lazima ijulikane kilicholiharibu, na hilo linajulikana hapa hapa nchini. Ombeni rufaa ya Bugando, hospitali ya kanda pale Mwanza, mkaulizie daktari bingwa wa mfumo wa chakula na ini.

Kwetu Kanda ya Ziwa huwa nawaza mambo mawili mapema: kichocho na homa ya ini B. Kichocho huziba mishipa ya damu ndani ya ini, na mara nyingi ini lenyewe bado linafanya kazi. Hatari kubwa ni kutapika damu. Homa ya ini B ni virusi, na kijana wako alizaliwa kabla watoto wachanga hawajaanza kupewa chanjo yake mwaka 2002. Ikiwa ndiyo, kuna tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku. Nimewaona walioletwa kwa machela wakarudi kliniki kwa miguu yao. Ila akishaanza asiiache ghafla, virusi huweza kuamka kwa nguvu na kulimaliza ini. Ndugu zake nao wapimwe. Asiye na virusi wala kinga achanjwe.

Bebeni karatasi zote, hata zilizochakaa. Ulizeni kama yale maji yalipimwa maambukizi, maana mara nyingi hutolewa na kumwagwa tu. Aingizwe mpira wenye kamera kooni; mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya chakula hufungwa kabla haijapasuka. Vipimo vya damu vya bilirubini (umanjano), kreatinini (figo) na INR (damu inavyoganda) ndivyo vitakavyoonyesha ini limechoka kiasi gani. Yakifika ya kupandikiza, atahitajika ndugu mwenye afya na damu inayoendana, atoe kipande cha ini lake.

Nyumbani, pombe na dawa za mizizi ziachwe kabisa. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni asiguse, zinaumiza figo. Chumvi ipungue, lakini msimnyime samaki wala maharage kama wengi wanavyoshauriwa; anahitaji nguvu, na kikombe cha uji kabla ya kulala kinamsaidia.

Sasa hilo la kukataa. Ni mtu mzima, mama, uamuzi ni wake, na kumbeba kwa nguvu kutamfanya atoroke wodini. Kaa naye peke yenu, umuulize kilichomchosha ni nini. Vijana wengi huniambia wanaogopa kuwafilisi wazazi. Mweleze kwamba shamba bado lipo.

Lakini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, homa, au akianza kuchanganyikiwa na kulala mchana kutwa, msingoje barua ya rufaa. Mkimbizeni hospitali ya karibu usiku huo huo.